Endelea, Afande

Katika ofisi yangu ya simu pale Jinja kila mtu alikuwa afande. Mwalimu alikuwa afande, muuza matoke alikuwa afande, na hata padri mmoja aliyekuja kupiga simu Tororo aliitwa afande na akaitika. Utani huo sikuuanzisha mimi. Foleni yangu ilijaa wanajeshi, polisi na askari magereza, watu wa kaskazini na mashariki waliotaka kusikia sauti za nyumbani, na kwa kuwa wao ndio walikuwa wengi, raia aliyeingia alihesabiwa pamoja nao. Watu wawili wakiufikia mkono wa simu kwa wakati mmoja, mmoja aliuachia na kusema, "Endelea, afande." Maana yake ilikuwa kwamba zamu ni yako, sigombani nawe, ukimaliza nami nitaingia. Maneno hayo yaliniepushia ngumi nyingi mle ndani.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa kambi. Baba yangu, mtu wa kaskazini, alikuwa askari magereza Mbale, na mama yangu alikuwa Mgisu. Kwenye nyumba za askari tulikozaliwa kulikuwa na makabila mengi, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Nje ya ua ule ilihesabiwa kuwa lugha ya wanajeshi, na haikunifaa kitu. Wanawake waliouza nyanya kwenye soko la Namatala walinikunjia uso nilipoitumia, na shuleni waliniuliza kama nyumbani tunaitumia kupigia watu. Baadaye nilikwenda Kisumu kusomea uchapaji, nikakuta watu wanaimbia watoto wao kwa lugha hiyo hiyo, nikashangaa sana. Huko ndiko nilikoiosha na kuinyoosha, ingawa ulimi wa kambi haukunitoka kabisa.

Ofisi ilikuwa chumba cha mbele katika jengo la zamani la Kihindi kwenye barabara kuu. Wateja waliona simu mbili, mashine ya faksi na benchi. Nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta kuukuu na modemu, na hiyo ndiyo iliyokuwa siri yangu na hofu yangu. Laini zangu ziliidhinishwa kwa sauti na faksi tu. Barua pepe haikutajwa popote, na kwa shirika la simu, kisichotajwa kilikuwa kimekatazwa. Lakini mtawa mmoja alihitaji kuandikiana na wenzake Ulaya, na mfanyabiashara wa samaki alihitaji kujua bei kabla lori halijaondoka. Niliwachapia na kuwatumia. Barua zao zilirundikana kwenye mashine moja Kampala, nami nilipiga simu huko kila jioni kuzichota. Kazi ya nyuma ya pazia ilinilisha kuliko ile ya mbele, na ndiyo iliyomtunza baba yangu, ambaye alikuwa amestaafu na kuhamia Malukhu, kule kule Mbale.

Kisha fundi mmoja wa shirika la simu akaanza kuja. Alikuwa Msoga mpole, mwenye mazoea ya kusikiliza laini za watu pale makao ya simu ili kujua zipi zimeharibika.

"Mama," aliniuliza, "hiyo raini yako inaria nini?"

"Ni faksi."

"Faksi mimi najua. Yako inaria kama mtu anakwaruza sufuria."

"Basi ni faksi mbovu."

Alicheka kidogo, akalitazama pazia, akayarudisha macho yake kwangu. "Mimi nasikia tu. Rakini siku moja wakubwa wataniuriza. Nitawaambia nini?"

Tangu siku hiyo kila nilipoifungulia modemu niliuchungulia mlango mpaka ile kelele inyamaze.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikitayarisha sheria mpya ya mawasiliano. Habari hizo nilizipata kwenye jukwaa moja la barua pepe ambapo Waganda wa nyumbani na wa ughaibuni walibishana kuhusu simu, kompyuta, biashara na sheria. Ukiandika barua moja, inawafikia wote. Mwanasheria mmoja wa Kampala alikuwa mwenyekiti wetu, mtu mtaratibu, na alikuwa amealikwa kupeleka maoni yetu mbele ya kamati ya bunge. Nilijiunga nikiwa na jambo moja tu kichwani. Nilitaka sheria iseme kwamba mtu aliyelipia laini yake anaweza kupitisha humo sauti, faksi au barua pepe, na kuwauzia wengine huduma hiyo bila kuomba leseni ya kampuni kubwa. Mwanasheria aliligeuza ombi langu kuwa kifungu, na kwenye jukwaa kikaitwa kifungu cha vibanda. Kikipita, fundi asingekuwa na la kuniuliza. Kisipopita, ningekatiwa laini leo au kesho, na ofisi ingekufa.

Aliyenipinga alikuwa Daktari. Tulimwita hivyo kwa sababu alitia cheo chake mwisho wa kila barua. Alifundisha uchumi nchi za nje na alikuwa na hoja nzito, sitamsingizia. Alisema kampuni itakayokuja kushindana na shirika itatumia fedha nyingi kupandisha minara na kutandaza nyaya, na kwamba hakuna mwekezaji atakayekubali ikiwa watu wa vibanda watajikalia mijini wakichuma faida bila kuchimba hata shimo moja. Alitaka wakubwa wapewe ulinzi wa miaka kadhaa, kisha mlango ufunguliwe kwa wadogo. Nilimjibu kwamba hao wateja ambao wakubwa wanawaota ni sisi tunaowazoesha simu, na kwamba baada ya miaka hiyo ya ulinzi wadogo watakuwa wameshazikwa. Alinijibu, nikamjibu. Tuliandika Kiingereza, kama jukwaa zima, na sikuweka jina langu ila herufi mbili. Wote waliniita bwana. Niliwaacha, maana bwana asiyejulikana aliko hawezi kukatiwa laini.

Mjadala ulipopamba moto niliwahi kumkatiza Daktari mara nyingi mno. Kabla hajamaliza hoja iliyogawanywa katika barua tatu, mimi nimeshaijibu ya kwanza. Mwishowe akaandika, kwa hasira lakini kwa adabu, akiomba aruhusiwe angalau kufika mwisho wa sentensi zake. Nilicheka peke yangu nyuma ya pazia. Alikuwa na haki. Wakati huo kule mbele sajenti mmoja alikuwa akimwachia simu muuza karanga, na maneno yao yakaniingia masikioni. Nikamwandikia Daktari hayo hayo, maneno mawili, bila kitu kingine.

"Endelea, afande."

Nilidhani nimempa heshima na utani pamoja. Nikatuma, nikafunga duka.

Jioni iliyofuata nilipochota barua, jukwaa lilikuwa limebadilika. Mmoja aliuliza kwa nini hatukuambiwa kwamba jeshi linasoma barua zetu. Mwingine aliaga na kujitoa. Wa tatu alisema sasa anaelewa kwa nini herufi mbili hazina jina. Halafu nikaifikia barua ya Daktari.

Aliandika kwamba katika miaka ya utawala wa kijeshi alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, pale darajani Jinja. Yeye na abiria wenzake waliambiwa watoke nje, wakae chini, wavue viatu. Alikuwa kijana, na hakujua Kiswahili ila neno moja, na neno hilo alilisema usiku kucha, afande, afande, mara nyingi kuliko alivyowahi kumwita Mungu. Waliokuwa wamekaa karibu naye hawakurudi wote. Tangu hapo hajalitamka, wala hakudhani atalikuta kwenye mjadala wa sheria, akiwa nyumbani kwake, na kahawa mezani. Alimalizia kwa kusema hatajadili lolote na mtu wa kambi mpaka mtu huyo aseme yeye ni nani, yuko wapi, na ametokea wapi.

Chini yake kulikuwa na barua ya mwanasheria, iliyokuja kwangu peke yangu. Alisema wanachama wengi wametishia kuondoa sahihi zao kwenye maoni yetu, na kifungu cha vibanda sasa kinanuka. Kama sitajieleza kabla hajakwenda kwenye kamati, atakitoa. Alitumia maneno ya upole, lakini alikuwa ameshakata kauli.

Nilipandwa na hasira ambayo siwezi kuipamba. Niliwakasirikia wote. Mimi sikumvua mtu viatu. Nilizaliwa ndani ya lugha hiyo kama wao walivyozaliwa ndani ya zao, na miaka yote nimekunjiwa uso kwa ajili yake, sokoni, shuleni, na sasa hata mahali ambapo hakuna aliyewahi kuniona uso wenyewe. Niliandika jibu refu, kali, la kuunguza. Sikulituma. Nililitia kwenye diski, na asubuhi nikafunga ofisi na kwenda Mbale kwa baba. Sijui nilitaka nini kwake. Nadhani nilitaka aniambie kwamba Daktari amezusha.

Baba alikuwa amekaa nje ya nyumba akipiga buti zake kiwi. Alizipiga kiwi kila siku ingawa hakuwa na gwaride la kwenda. Nilimsomea barua ya Daktari, nikiigeuza Kiswahili cha nyumbani, kile chetu. Nilipofika pale pa viatu, mkono wake ulisimama.

"Soma tena hapo."

Nikasoma.

"Hiyo mutu hapana sema uongo," alisema.

"Baba, unamjua?"

"Mimi hapana jua yeye. Daraja mimi najua." Akaiweka buti chini. "Ile wakati walitutoa kwa jela, sisi wa magereza, wakasema askari haitoshi, mwende kwa daraja. Mimi nilisimama pale. Toka inje, kaa chini, toa viatu. Hiyo maneno mimi nilisema."

Nilimwuliza kama alimpiga mtu.

"Nilisema hiyo maneno," alirudia. "Walikuwa wengi. Sura hapana baki."

Sikuwahi kuogopa kukaa karibu na baba yangu, lakini mchana ule niliogopa. Niliogopa swali la pili, na sikuliuliza. Jirani alipita akatusalimu, baba akamwitikia vizuri kabisa, sauti yake ile ile. Mimi nilishindwa hata kuinua kichwa. Hasira niliyokuja nayo haikuwa na pa kukaa tena.

Baada ya muda nikamweleza lililobaki. Nikisema mimi ni nani na niko wapi, kifungu kinaweza kupona, lakini shirika litajua mashine iko kwa nani na litakata laini. Nikinyamaza, laini itabaki kwa sasa, kifungu kitatolewa, na baadaye fundi atakuja tu. Kupona sikukuona upande wowote.

"Wewe unataka nini?" baba aliniuliza.

"Kifungu."

"Basi omba kifungu. Hapana omba hiyo mutu asamehe mimi. Hiyo ni yangu, niache nayo. Wewe omba ile ya simu."

Nilisimama niondoke. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita, na aliponiita hakuniita kwa jina, aliniita mama, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo na mgonjwa.

"Mama! Ukiandika, ambia yeye ni kweli. Hapana ongeza kitu."

Nilirudi Jinja nikalifuta lile jibu kwenye diski. Niliandika lingine, fupi. Nilisema mimi si bwana, ni mwanamke. Nilitaja barabara na jengo, nikasema nina ofisi ya simu pale, na kwamba nyuma ya pazia nina modemu kwenye laini ya sauti na faksi, na ndiyo maana nakitaka kifungu. Nilieleza foleni yangu, na jinsi muuza karanga anavyoitwa afande anapopewa zamu, na kwamba nilimpa Daktari zamu. Nilisema nilizaliwa kwenye nyumba za askari magereza. Mwisho nikaandika: nimemsomea baba yangu ulichoandika. Amesema ni kweli.

Nilikaa na barua hiyo mbele yangu mpaka wateja wa jioni wakaanza kupiga hodi. Nilijua nikiituma, nimejishtaki mwenyewe. Nikaifungulia modemu, ikakwaruza sufuria yake, na barua ikaenda. Zile siku za kwanza hakuna aliyejibu. Jukwaa zima lilikuwa kimya, na ukimya huo ulinitesa kuliko matusi, maana matusi ningejua pa kuyaweka. Kila mlango uliposukumwa niliruka.

Fundi alikuja asubuhi, ofisi ikiwa imejaa. Hakuvuka kwenda nyuma ya pazia, alisimama kwenye foleni kama mteja mpaka zamu yake ilipofika. Mkononi alikuwa na karatasi iliyochapwa, na niliitambua kabla hajaikunjua. Ilikuwa barua yangu; mtu wa jukwaani alikuwa amelipelekea shirika.

"Mama, umeandika mwenyewe," aliniambia kwa sauti ya chini. "Na barabara umeandika. Mimi nilikuwa nasema faksi mbovu, faksi mbovu. Sasa nitasema nini?"

"Usiseme kitu. Fanya kazi yako."

"Wamesema nikate zote mbiri."

Nilitegemea akate ile ya nyuma na kuniachia ya mbele. Mwanajeshi mmoja alikuwa katikati ya mazungumzo na mkewe aliye Soroti, na aliposikia hayo alifunika mkono wa simu kwa kiganja akamtazama fundi vibaya. Kwa nukta chache niliona ngumi zikija. Fundi alirudi nyuma hatua moja na kusema, "Endelea, afande. Maliza." Akamngoja. Mwanajeshi alimuaga mkewe, akaweka mkono wa simu mahali pake taratibu, akatoka. Fundi akapanda kiti, akakata waya wa kwanza, akakata wa pili. Watu wa kwenye benchi waliinuka mmoja mmoja. Nililia baada ya wote kuondoka, na nililia kwa sauti.

Barua zangu sasa zilikuwa zikirundikana Kampala bila mtu wa kuzichota. Nilikumbuka ofisi ya mradi mmoja wa maji Mbale, nilikokuwa mchapaji kabla sijahamia Jinja, ambako nilijifunza mambo haya yote. Walikuwa na modemu halali, na mchapaji aliyenirithi hakuwa na roho mbaya. Nikamfuata, akaniachia kiti chake wakati wa chakula cha mchana.

Barua ya mwanasheria ilikuwa ya kwanza. Alikuwa amekwenda mbele ya kamati, na kifungu cha vibanda kilikuwemo. Mbunge mmoja alimwuliza kama watu hao wapo kweli au wamebuniwa na wanasheria, naye akamsomea barua yangu, barabara na jengo na pazia. Alisema hawezi kuahidi kitu, ila kifungu kimepokelewa na kinazungumzwa. Laini zangu zilikuja kurudi baadaye, kwa haki na kwa karatasi, lakini mchana ule sikulijua hilo, nilijua tu kwamba ofisi yangu imefungwa na kodi ya pango inakuja.

Ya pili ilikuwa ya Daktari. Hakuituma kwenye jukwaa, aliituma kwangu. Niliitazama muda mrefu kabla ya kuielewa, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza. Ilikuwa mstari mmoja. Niliuchapa kwenye karatasi ya mradi, nikamshukuru yule mchapaji, nikatembea mpaka Malukhu.

Baba alikuwa ndani, amelala chali, macho yakiwa wazi. Buti zilikuwa mlangoni, na safari hii hazikuwa zimepigwa kiwi. Nikamwambia laini zimekatwa. Akasema pole. Nikamwambia kifungu kimefika bungeni. Akaitikia kwa kichwa. Nilijua anachongoja, na yeye alijua kwamba najua.

"Yule wa daraja," alisema mwishowe. "Alijibu?"

"Alijibu, Baba. Kwa Kiswahili."

Akainuka akakaa. Alishusha miguu sakafuni, akaiweka pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeitwa mbele ya mkubwa wake.

"Soma."

Nikamsomea kama kilivyoandikwa, Kiswahili cha mtu aliyelazimika kukitafuta neno kwa neno.

"Hiyo sheria ya simu mimi nakubali. Hiyo neno ya afande, na baba yako, bado."

Nje mtu alikuwa akichota maji, tukasikia ndoo ikijaa.

"Alisema hapana?" baba aliuliza.

"Hakusema hapana. Alisema bado."

Akanyoosha mkono akaichukua karatasi, ingawa miwani hakuwa nayo na asingeweza kuisoma. Aliipapasa kwa kidole mpaka pale alipodhani mstari unaishia, kisha akanirudishia.

"Soma tena hapo mwisho," aliniambia.

Nikamsomea tena.